Nilivyofunga Nyimbo za Upepo

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kutuma kufuli na ufunguo wake katika ujumbe mmoja. Nilimwandikia Mzee Maganga mstari wa majaribio, kila herufi nikiisogeza hatua moja mbele, kiasi kwamba NGOMA ikawa OHPNB, kama mtu aliyepiga chafya akiwa na ugali mdomoni. Nikaukagua. Nikaukagua tena. Nilipohakikisha hakuna herufi iliyoteleza, nikaongeza chini yake kwa moyo safi kabisa: "Mzee, ili usome, rudisha kila herufi nyuma hatua moja."

Nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Wadogo zangu wa kundi la Upepo, nawaandikia kwa sababu nimestaafu. Najua mnacheka. Mtu hana hata unywele mmoja mweupe, bado anaishi kwa mama yake Ng'ambo, na anasema amestaafu. Lakini kazi yangu imekwisha kabisa, na mtu ambaye kazi yake imekwisha anaitwa mstaafu. Mlioingia juzi mnaniona nakunja turubai na kubeba madumu ya maji, mnadhani ndivyo nilivyoanza. Hapana. Mimi nilikuwa mfungaji wa nyimbo, na wenzangu waliniita Karani.

Shida ilikuwa hivi. Manju wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ni Mzee Maganga, naye anaishi Bukene. Kundi liko hapa Tabora. Siku ya mashindano sisi tunasimama upande mmoja wa uwanja, wapinzani wetu wa kundi la Radi upande wa pili, ngoma zinaanza pamoja, na watu ndio waamuzi. Wanaamua kwa miguu: wakihamia kwenu mmeshinda, wakiondoka mmebaki na vumbi lenu. Kinachowavuta zaidi ni nyimbo za kumkejeli mpinzani. Wapinzani wakiujua wimbo wenu mapema, watautungia jibu, wataimba jibu kwanza, na wimbo wenu utakuwa chai iliyolala.

Mtaniuliza kwa nini mzee asiimbe kwenye simu. Alijaribu. Mzee Maganga akiongea na mtu wa Tabora kwenye simu, anapaza sauti kulingana na umbali. Stesheni nzima ya Bukene ilijua wimbo kabla yetu. Tukahamia kwenye ujumbe wa maandishi, lakini simu yake ya vitufe alikuwa akiichajia kwenye kibanda cha sokoni, na mwenye kibanda ni shemeji wa mtu anayeitwa Masanja. Masanja ni manju wa Radi. Simu inaachwa pale toka asubuhi hadi jioni, na shemeji ana macho.

Hapo ndipo nilipojitokeza. Nilikuwa natengeneza simu kwenye meza ndogo pale Ng'ambo, na mambo ya kusimba ujumbe nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma kwenye simu za wateja nilizokuwa nazijaribu. Kusimba ni kuufunga ujumbe usomeke na mwenye ufunguo tu. Kusimbua ni kuufungua. Hayo ndiyo yote, mengine ni mahangaiko, nami kwa mahangaiko nimejaliwa. Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani kutoka njiani kuangalia kama nimefunga mlango, kisha kurudi tena kuangalia kama niliufunga wakati narudi.

Baada ya lile kosa la kwanza, ambalo Mzee Maganga alilijibu kwa maneno mafupi, "Mwanangu, shemeji wa Masanja amesema asante," nilijirekebisha. Somo la kwanza, na mlishike: ufunguo haupiti njia ile ile unayopita ujumbe. Nikapanda treni ya Mwanza, nikashuka Bukene, nikampa mzee ufunguo mkononi.

Safari hii haukuwa wa kusogeza herufi. Kusogeza ni kufuli la watoto. Adui akijaribu hatua moja, mbili, tatu, mwisho anafika. Nilitengeneza jedwali. Kila herufi niliipanga na mwenzake bila mpangilio wowote: A inakuwa T, B inakuwa K, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Mzee alilinakili kwa mkaa ndani ya ngoma yake kubwa, ile isiyokuwa na ngozi chini. Akitaka kuandika, anaipindua ngoma, anaingiza kichwa, anatoka na herufi moja, anaiandika, anaingia tena.

"Mke wangu anasema nimeanza kuongea na ngoma," aliniambia.

"Na wewe unamwambiaje, mzee?"

"Namwambia ngoma inajibu."

Nilikuwa na fahari, wadogo zangu. Nilihesabu njia za kupanga jedwali lile, nikaona mtu angezijaribu moja moja asingezimaliza hadi mwisho wa dunia. Hilo ni kweli mpaka leo. Na bado tukapigwa.

Tulipigwa vibaya. Msimu ule tulisimama uwanjani na wimbo wa kumcheka Masanja kwa baiskeli yake isiyo na breki. Kabla hatujafungua mdomo, Radi wakaanza: "Baiskeli haina breki kwa sababu haijui kurudi nyuma, ninyi mna breki mpaka kwenye magoti." Watu wakatutoroka kama wamesikia kule kuna pilau. Mashindano yaliyofuata ikawa vile vile, neno kwa neno.

Bi Nyamizi, mwenyekiti wetu, akaitisha kikao nyuma ya nyumba yake. Mnamjua Bi Nyamizi: hapandishi sauti, anashusha, na ukiisikia imeshuka sana ujue kuna mtu amekwisha.

"Kuna mtu anatuuza," alisema. "Karani, kufuli lako linaweza kufunguliwa?"

"Haiwezekani, mama," nikajibu. "Nimelikagua."

Basi macho yote yakamgeukia Shija. Shija ndiye mrusha jembe wetu. Mmemwona: jembe linapanda, linazunguka, linashuka, analipokea kwa shingo na tabasamu. Lakini mke wake ni mtoto wa dada yake Masanja. Hakuna aliyehitaji ushahidi zaidi ya huo.

"Mimi?" Shija akasema. "Nyumbani kwangu hatuongei ngoma kabisa. Tukiongea ngoma, mimi nalala na njaa."

"Njaa ndiyo inayouza watu," mtu mmoja akatupia.

Bi Nyamizi akashusha sauti. Akasema mashindano yajayo Shija atakuja bila jembe, atasimama pembeni, na baada ya hapo atatolewa kwenye kundi. Shija aliyeanza kurusha jembe kabla hajaota ndevu. Alinitazama mimi, kwa kuwa tulikua mtaa mmoja. Nami nikatazama viatu vyangu, nikavikuta safi.

Sasa nataka mjue akili yangu ilivyo. Sikuamini kwamba Shija ni msaliti. Lakini kuamini kwamba si msaliti ilikuwa ni kuamini kwamba jedwali langu ni bovu, na jedwali langu nililikagua. Nilibeba mambo hayo mawili tumboni kwa siku kadhaa, hayakukaa pamoja. Nikapanda tena treni.

Kabla hatujafika Bukene, nikatoa simu na kuanza kupitia ujumbe wote niliowahi kumtumia mzee. Jedwali lilikuwa nyumbani. Nikaangalia wa kwanza, nikaangalia wa pili. Nilikuwa nasoma mwanzo wa kila ujumbe bila jedwali. Wote ulianza na kundi lile lile la herufi, na nilijua ni nini, kwa sababu nilijua mimi ni nani. Ulikuwa unasema: Shikamoo mzee.

Kila ujumbe! Sikuwahi kumwandikia mzee bila kumwamkia. Na majibu yake yote yalianza na Marahaba mwanangu. Mtu akishajua kwamba mwanzo ule ni salamu, amepewa bure zaidi ya nusu ya herufi anazohitaji kusoma Kiswahili. Zilizobaki zinajitaja zenyewe. Lugha yetu imejaa A kama gunia la karanga lilivyojaa karanga. Herufi inayojirudia kuliko zote, hiyo ndiyo A, hata uivalishe nguo gani. Na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mkia wa neno nao unasema siri. Jedwali halikuwa na haja ya kujaribiwa mpaka mwisho wa dunia. Lilihitaji mtu mmoja anayejua kwamba kijana wa Tabora lazima amwamkie mzee.

Nilishuka Bukene. Nikamweleza Mzee Maganga. Akasikiliza, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo tumepigwa kwa sababu ya adabu?"

"Huenda, mzee. Au huenda ni Shija. Sina hakika."

"Basi tupate hakika."

Mpango ulikuwa wake. Tutunge wimbo wa uongo, usio na chembe ya ukweli, tuutume kwa jedwali lile lile, na tusimwambie binadamu yeyote: si Shija, si Bi Nyamizi, si mke wa mzee. Radi wakiujibu, basi aliyeufungua ameufungua kwenye simu, si kwenye mdomo wa mtu. Wasipojibu, kufuli ni zima na Shija ndiye mtu wetu.

"Uongo gani, mzee?"

Mzee alifikiri, akaanza kucheka kabla hajasema. "Kwamba Masanja alikwenda kurina asali, nyuki wakamkimbiza, akaacha suruali juu ya mti."

"Iliwahi kutokea?"

"Hajawahi hata kupanda mti. Ni mwoga wa ngazi."

Nilirudi Tabora. Ujumbe ukaja: marahaba mwanangu, kisha suruali, nyuki na mti, vyote vimefungwa vizuri. Nikaanza siku mbaya kuliko zote maishani mwangu. Mnaelewa nilikokwama? Radi wakiimba suruali, Shija amepona na mimi nimeaibika mbele ya watu wote. Wasipoimba, mimi ni fundi na rafiki yangu amekwisha. Nilishindwa kula. Mama yangu aliuliza kama ni mapenzi. Nikamwambia ni hesabu. Akasema afadhali ingekuwa mapenzi.

Siku ilifika. Mzee Maganga alikuja na treni. Shija alikuja bila jembe, kama alivyoamriwa, amevaa shati la kanisani, amesimama pembeni karibu na wauza miwa. Nikamvuta Bi Nyamizi kando, nikamweleza mtego wote.

Akauliza, "Kwa hiyo hapa leo, anayejua habari ya hiyo suruali ni wewe na mzee tu?"

"Na sasa wewe, mama."

"Na nyimbo zetu halisi za leo?"

"Mzee atatufundisha hapa hapa."

"Mungu atusaidie," akasema, na sauti yake haikushuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikipanda.

Ngoma zikaanza. Sisi tulianza polepole, bila maneno. Upande wa pili Masanja akatoka mbele, mtu mkubwa mwenye kifua cha pipa, akainua mikono, na Radi nzima ikaitikia:

"Suruali yangu ninayo! Waulize nyuki, ninayo! Mti hauna kitu, ninayo!"

Sikujua kama nacheka au nalia.

Lakini tulilosahau kulifikiria, mimi na mzee, ni watu. Watu waliokuja kutazama hawakuwa wameusikia wimbo wa suruali, kwa sababu haukuwahi kuimbwa popote. Walichokiona ni mtu mzima, manju mwenye heshima zake, amesimama katikati ya uwanja anaapa kwamba suruali anayo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Suruali ipi?" mama mmoja akauliza.

"Amesema nyuki."

"Kwani aliivua?"

"Kama hakuivua, anakanusha nini?"

Kadiri Radi walivyoimba kwa nguvu, ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba kuna jambo. Vijana wawili wakakimbia mpaka upande wetu, wakamshika Mzee Maganga mkono. "Shikamoo mzee. Eti suruali ya Masanja ilikuwaje?"

Mzee akawaangalia kwa huzuni kubwa. "Marahaba. Wanangu, mimi sijasema kitu. Mambo ya mtu na suruali yake ni ya nyumbani kwake."

Basi. Hiyo ilitosha. Uwanja ukahama. Walikuja wote kwetu kutafuta habari kamili, na sisi tulikuwa hatujaimba hata neno.

Bi Nyamizi akatembea mpaka kwa wauza miwa, akiwa na jembe. "Shika," akamwambia Shija.

Shija hakunyoosha mkono. "Mtaniomba radhi kwanza, au nirushe kwanza?"

"Watu wamekuja, hawajui wanatazama nini. Rusha. Radhi nitakuletea mwenyewe nyumbani, mbele ya mkeo."

Akalichukua. Kabla hajaingia uwanjani akanigeukia. Nilikuwa nimeshawatangazia wenzetu kwamba kufuli ni bovu na aliyelitengeneza ni mimi. "Karani," akasema, "sema ukweli. Ulikuwa unaomba niwe msaliti, ili herufi zako ziwe safi?"

"Nusu," nikajibu.

Akacheka. Sijui kwa nini alicheka, lakini mpaka leo namshukuru. Kisha akaingia, akalirusha jembe juu sana, likazunguka huko, likashuka shingoni kwake mahali pake.

Jioni ile Masanja alinifuata. Yeye ni Msukuma, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo hakuna tusi linalohitaji ruhusa.

"Mwadila, mtani," akanisalimu.

"Mwadila."

"Mmenivua suruali mbele ya watu, na bado nimeivaa. Sina neno. Lakini nikwambie kitu. Nilihangaika na herufi zako nikachoka. Mwisho nikajiuliza, huyu kijana ni wa nani? Ni mtoto wa nani pale Ng'ambo? Wakanitajia mama yako. Nikasema, basi, hawezi kuanza bila shikamoo." Akanipiga begani, nikayumba. "Umelelewa vizuri sana, mtani. Ndiyo maana umepigwa."

Kikao kilichofuata nilipendekeza tuache salamu kabisa. Mngeona nyuso. Bi Nyamizi akasema afadhali tushindwe mashindano yote kuliko kuingia kwa mzee bila hodi. Hata hivyo nilijaribu mara moja, nikatuma ujumbe mkavu. Mzee Maganga hakujibu mpaka nilipopiga simu. "Nilidhani simu yako imeibiwa," alisema. "Nilidhani ni mwizi anauliza wimbo."

Dawa niliipata nikipiga pasi shati. Salamu si siri! Nani asiyejua kwamba namheshimu mzee? Tukaanza kuiandika wazi, Shikamoo mzee, kwa herufi zake halali, shemeji aisome mpaka ashibe. Kinachofungwa ni wimbo peke yake. Somo la pili: usifunge kile ambacho adui anakijua tayari, kwa sababu atakitumia kupima kufuli lako.

Na kufuli lenyewe nikalibadilisha. Jedwali moja lina ubaya kwamba A ikiwa T leo, ni T siku zote. Kwa hiyo tukafanya kila herufi ya ujumbe isogee kwa hatua tofauti, na hatua zinatoka kwenye ufunguo. Chukueni neno FEDHA kama mfano. F ni herufi ya sita, kwa hiyo herufi ya kwanza ya ujumbe inasogea hatua sita, E ni ya tano, inayofuata inasogea tano, D nne, H nane. Funga neno BABA kwa ufunguo huo, unapata HFFI. Angalieni: A moja imekuwa F, nyingine imekuwa I. Na zile F mbili zimetoka kwa herufi tofauti. Masanja atafute A yake humo. Kusimbua ni kurudi nyuma kwa hatua zile zile.

Lakini ufunguo mfupi unaojirudia nao una mdundo, na manju anasikia mdundo popote. Tulihitaji ufunguo mrefu, ambao mzee anaujua kichwani. Mzee Maganga alikuwa nao: majina ya ng'ombe wake, kwa mpangilio wanaotoka zizini. Alinifundisha wote, nikawakariri njiani kurudi Tabora, abiria wa jirani akahama kiti. Ujumbe mmoja ukiishia kwa ng'ombe fulani, unaofuata unaanza na anayemfuata. Orodha yote ikiisha, nakwenda Bukene kujifunza ng'ombe wa ndugu yake.

Radi hawakusoma neno tena. Tulikwama mara moja tu, wimbo ulipokataa kufunguka kuanzia katikati. Nikakagua hesabu mpaka macho yakauma, kisha nikapiga simu.

"Shikamoo mzee. Samahani, baada ya yule mwekundu wa mkia mfupi anafuata nani?"

Akasema, "Alikuwa anafuata mweusi wa baka."

"Alikuwa?"

"Tumemla kwenye harusi, mwanangu. Nilisahau kukuarifu."

Hilo ndilo somo la tatu. Ufunguo ukibadilika upande mmoja, ubadilike na upande wa pili, hata kama ni kwa sababu ya pilau.

Kisha zikaja simu hizi mlizo nazo. Zinafunga zenyewe, kwa namna ambayo ningeililia kwa furaha kama ningeijua zamani. Ni kama kila mtu anagawa makufuli yake yaliyo wazi bure kwa yeyote, na ufunguo anabaki nao mwenyewe. Unayetaka kuniandikia unachukua kufuli langu, unalibana kwenye ujumbe wako, unatuma. Hata wewe uliyelibana huwezi kulifungua tena. Anayeweza ni mimi tu. Hakuna haja ya kupanda treni kupeleka ufunguo, kwa sababu ufunguo hauondoki nyumbani. Mzee Maganga alinunuliwa simu ya namna hiyo na wanawe, akaniuliza, "Sasa ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe wapumzike.

Ndiyo maana nimestaafu. Kazi iliyobaki nimemkabidhi Shija: kuhakikisha hakuna anayeacha simu wazi kwenye kibanda cha kuchajia, na kwamba anayepoteza simu anasema siku hiyo hiyo.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni hiki. Simu inafunga kila kitu, hata shikamoo. Mzee Maganga anahesabu ng'ombe wake kwa ajili ya ng'ombe tu. Na wimbo wa Upepo ukivuja, siku hizi tunakagua kufuli kwanza, kabla ya kumtazama mtu.